Kidingapopo, dengue na chikungunya: jina moja, maradhi mawili

Swali: "Habari daktari. Mdogo wa mume wangu leo ana siku ya nne ya homa. Zahanati walimpima malaria hana, wakampima dengue wakasema anayo. Mama mkwe wangu, kwao Makunduchi kisiwani Unguja, anasema hicho ni kidingapopo, ugonjwa wa zamani. Bibi yake alikuwa akiwasimulia kwamba uliwahi kulaza mji mzima, watu wakawa wanatembea wamejikunja, lakini hakufa mtu, kwa hiyo tusihangaike. Ameagiza diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya maumivu, na anamchemshia majani ya mpapai. Anasema pia ugonjwa huo huletwa na popo, na sisi nyuma ya nyumba tuna mwembe umejaa popo. Mimi nimesoma mtandaoni kwamba neno dengue lenyewe ni Kiswahili, limetokana na hicho kidingapopo. Kazini mwenzangu wa Newala anabisha, anasema ugonjwa unaokunja watu ni chikungunya na jina hilo ni la kwao. Nani mkweli? Na kama ni ugonjwa wetu wa asili, kuna haja ya kumrudisha hospitali? Tuko Dar es Salaam."

Dada yangu, kabla hatujaingia kwenye historia tumalize la dawa. Diklofenaki iachwe leo hii, hata kama shemeji ameshameza kidonge kimoja na akajisikia nafuu. Dengue hupunguza chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha damu isiendelee kutoka. Diklofenaki, Brufen na aspirini nazo hudhoofisha kazi ya chembe hizo na kuchubua tumbo. Ukiviweka pamoja, unamtengenezea mgonjwa njia ya kutokwa damu tumboni. Kwa homa na maumivu apewe paracetamol tu: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, kisha asubiri saa 6 kabla ya vingine, na asizidishe vidonge 8 kwa siku. Zaidi ya hapo ini linaumia, na dengue yenyewe hulisumbua ini.

Sasa nikurudishie swali lako nione kama nimekuelewa. Una watu watatu wanaotaja majina matatu, na zahanati iliyotoa kipimo kimoja. Mama mkwe anaamini kwamba ugonjwa wenye jina la zamani ni ugonjwa unaojulikana, na unaojulikana hauogopeshi. Mtandao umekupa fahari kwamba jina ni letu. Mwenzako wa Newala anatetea la kwao. Ubishi huu wa majina unaweza kuonekana wa kupitishia muda wa chai, lakini umeshaingia kwenye matibabu: mgonjwa amepewa dawa isiyomfaa kwa sababu ya sifa za jina. Ndiyo maana nitalijibu la jina kwa urefu.

Tuanze Unguja. Kati ya Julai 1870 na Januari 1871 mji wa Unguja ulipata ugonjwa wa homa ya ghafla, maumivu makali ya viungo na vipele vya mwili. Ulikuwa wakati mbaya. Kipindupindu kilikuwa kimepita kisiwani muda mfupi tu uliotangulia na kuua watu wengi, na Oktoba 1870 Sultani Majid akafariki, Barghash akashika kiti. Daktari James Christie, aliyekuwa akimtibu Sultani, aliuandika ugonjwa huo mpya katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872, na akaliandika jina kama alivyolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Wazee walimwambia si mgeni. Ulishafika kisiwani miaka mingi nyuma, karibu 1823, ukiitwa jina hilohilo.

Ona hilo la "pepo". Kamusi zetu siku hizi zina kidingapopo, yenye o mbili, na hapo ndipo popo wa mwembe wako walipoingia kesini. Christie alisikia pepo, na akaelezwa kwamba dinga ni mshtuko unaomkamata mtu ghafla na kumkaza viungo, kazi ya pepo. Anayeugua homa hii anaweza kuamka mzima akaenda sokoni, na ikifika adhuhuri hawezi kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Mtu wa mwaka 1870 aliyeona hivyo kwa jirani mmoja baada ya mwingine, akasema ni pepo, hakusema upuuzi. Alieleza alichokiona kwa maarifa aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo popo wenu hawahusiki. Dengue na chikungunya huenezwa na mbu, na mbu huyo hukitoa kirusi kwa binadamu mmoja na kukipeleka kwa mwingine. Waacheni popo wale maembe yao, msiwashike tu kwa mikono wala kuwachezea, maana yapo maradhi mengine, Marburg kwa mfano, ambayo tunajua popo hukaa nayo. Kukata mwembe hakutamponya shemeji.

Turudi kwenye jina. Baadaye, mwaka 1881, Christie aliandika makala nyingine akaunganisha mambo. Mwaka 1823 ugonjwa ulikuwa Unguja. Mwaka 1824 ugonjwa wa namna hiyo ukaonekana India na Burma. Mwaka 1827 na 1828 ukavikumba visiwa vya Karibi. Wenyeji wa visiwa vilivyokuwa vikisema Kiingereza waliuita "dandy", yaani mtu wa mikogo anayetembea kwa madaha, kwa sababu wagonjwa walitembea wamekakamaa shingo na magoti. Kuba, kwenye Kihispania, ukaitwa "dengue", neno ambalo kwa lugha hiyo lina maana ya maringo na kujidekeza. Christie akasema dandy na dengue ni dinga ya Waswahili iliyovuka bahari, pengine midomoni mwa watumwa waliotoka pwani yetu, kisha kila lugha ikaibadilisha ifanane na neno ililokuwa nalo. Hicho ndicho ulichosoma mtandaoni, ila mtandaoni wamekiandika kama kitu kilichothibitishwa.

Ni dhana nzuri, na meli za wakati ule zilikuwa na kila kitu cha kuisafirisha: watu wagonjwa, na mapipa ya maji yaliyofuga mbu safari nzima. Lakini mimi siikubali moja kwa moja, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, maandishi yenye kidinga pepo tunayoyajua ni ya baada ya 1870, wakati neno dengue lilikuwa vitabuni mwa madaktari zaidi ya miaka 40. Daktari aliyekwishasoma "dengue" ana sikio lililo tayari kusikia "dinga". Pili, na hili ndilo zito, kuna barua ya Malkia María Luisa wa Hispania ya mwaka 1801, ambamo anasema amepata nafuu ya ugonjwa uliokuwa ukivuma wakati huo, uitwao dengue. Hiyo ni miaka 22 kabla ya ugonjwa wa Unguja wa 1823. Wahispania walikuwa wakilitumia neno hilo kwa maradhi kabla halijahitaji kutoka kwetu. Inawezekana dinga na dengue vilikutana Karibi vikapeana nguvu kwa kufanana sauti. Lakini kusema kwa kiapo kwamba dengue ni Kiswahili, hapana.

Sasa mwenzako wa Newala. Huyu ndiye mwenye haki yake kamili, tena ninashangaa jinsi anavyodhulumiwa: hata vyombo vya habari vikubwa vya nje huandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si la Kiswahili. Ni la Kimakonde, kutoka kitenzi kungunyala, kujikunja au kupindika, na ile "chi" ya mbele ni sawa na "ki" yetu, kama wenyewe wanavyoiita lugha yao Chimakonde. Mwaka 1952 na 1953 nyanda za juu za Makonde, huko Newala, zilipatwa na homa iliyowakunja watu mpaka wasiweze kunyooka. Madaktari Robinson na Lumsden waliuchunguza ugonjwa huo na taarifa zao zikatoka 1955, wakaliacha jina la wenyeji kama lilivyo. Kirusi chake kikatenganishwa katika maabara kutoka damu ya wagonjwa hao, kikapewa jina hilo. Leo daktari wa Brazili na wa India wanaandika neno la Kimakonde kwenye fomu zao kila msimu wa mbu.

Jambo moja la Newala lenye faida kwenu Dar: nyanda hizo hazina mito ya karibu. Wanawake walikuwa wakifuata maji mabondeni mbali sana, na maji yanayopatikana kwa taabu hiyo huyamwagi. Yalikaa ndani ya nyumba kwenye mitungi na vyombo, na mbu walizaliana humo, hatua chache kutoka kitandani. Nitalirudia hili.

Kabla ya virusi kutenganishwa maabara, kile cha dengue katika miaka ya 1940 na cha chikungunya miaka ya 1950, hakuna daktari aliyeweza kusema kwa hakika huyu ana hiki na yule ana kile. Homa ya ghafla, vipele na maumivu ya viungo vikitokea pamoja, vyote vilitiwa kapu moja. Waarabu wa Misri walikuwa na abu rukab, baba wa magoti. Philadelphia mwaka 1780 ilipata homa iliyoitwa ya kuvunja mifupa. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda walipopigwa na homa yao mwaka 1959 waliiita o'nyong-nyong, na hicho kikawa kirusi cha tatu kabisa, ndugu wa chikungunya. Majina yote haya yanaeleza mgonjwa anavyoonekana. Hayaelezi nini kimo ndani ya damu yake.

Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliyarudia maandishi ya zamani, ya Christie yakiwemo, akauliza swali ambalo wengi walikuwa hawajaliuliza: je, ugonjwa wa Unguja ulikuwa dengue kweli? Alipoona viungo vilivyoendelea kuuma muda mrefu baada ya homa kuisha, na namna ugonjwa ulivyoshika karibu kila mtu kwa wakati mmoja, akahitimisha kwamba ule wa 1823 na ule wa 1870 yumkini ulikuwa chikungunya. Wataalamu wengi wamekubaliana naye, nami ni mmoja wao.

Na kama ungependa kuona kwa macho ya leo jinsi ulivyokuwa, tazama Lamu mwaka 2004. Ukame ulikuwa umewabana, watu wakaweka maji majumbani, chikungunya ikalipuka. Upimaji wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ikashuka Mombasa, 2005 ikafika Komoro na Réunion, na 2006 India ikawa na wagonjwa zaidi ya milioni moja waliodhaniwa kuwa nayo. Ugonjwa wa 1870 nao ulitoka Unguja ukaenda Aden, kisha Bombay na kwingineko India. Ni njia ileile ya pepo za msimu, imebadilika tu chombo.

Kwa hiyo mama mkwe na bibi yake hawakusema uongo. Mji mzima kulala, watu kujikunja, vifo kuwa adimu: hiyo ni sura ya chikungunya. Kosa limeingia baadaye, pale kamusi na mazoea yalipolichukua jina la kidingapopo na kulibandika kwenye dengue. Jina likahama na sifa zake. Sasa mgonjwa wa dengue anaitwa ana kidingapopo, na familia inatulia kwa sababu "kidingapopo hakiui", kumbe wanatuliza hofu ya ugonjwa mmoja kwa kumbukumbu ya ugonjwa mwingine.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri zaidi, kwa sababu shemeji yuko siku ya nne.

Watu wamezoea kwamba homa ikishuka mgonjwa amepona. Kwenye dengue ni kinyume. Siku za kwanza kirusi kimejaa kwenye damu, joto liko juu, kichwa kinauma hasa nyuma ya macho, mwili wote umevunjika. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa hushuka, na ndipo wachache huingia hatarini. Kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, maji ya damu yakavuja kwenda tumboni na kwenye mapafu, damu inayobaki ikawa nzito na haba. Mgonjwa hana joto, kwa hiyo nyumbani wanashukuru Mungu, huku mikono yake inaanza kuwa ya baridi na anazidi kulegea. Wengi hawafiki huko, nisikutie hofu bure. Wengi hupitia siku hizo mbili tatu za hatari bila tatizo na wanaanza kudai chakula. Lakini hakuna anayejua mapema nani atakuwa nani, ndiyo sababu tunamchunga kila mmoja.

Basi hizi ndizo dalili za kumpeleka hospitali papo hapo, usiku au mchana, bila kungoja gari la bei nafuu: tumbo kuuma sana mfululizo, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoa damu, kutapika damu au kupata choo cheusi, kupumua kwa shida, mikono na miguu kuwa baridi na yenye jasho, kukosa mkojo kwa saa nyingi, kulegea kupita kiasi au kuhangaika na kuweweseka. Moja tu inatosha. Hata asipokuwa na dalili hizo, kwa kuwa yuko siku ya nne, kesho asubuhi arudishwe kituo chenye maabara apimwe picha kamili ya damu, na apimwe tena kila siku hadi zipite saa 48 bila homa. Tunachotazama ni chembe sahani zinazoshuka wakati uzito wa damu unapanda. Hizo mbili kwa pamoja ndizo zinazotwambia maji yanavuja. Chembe sahani kushuka peke yake, mgonjwa akiwa anakunywa, anakojoa na hatoki damu, si sababu ya kukimbizana kutafuta wa kumtolea damu.

Muulizeni pia mhudumu kipimo kilichosoma dengue kilikuwa kipi. Kile cha NS1 hukamata sehemu ya kirusi chenyewe na hufaa siku za mwanzo, kama tano hivi. Kikiwa kimeonyesha ndiyo siku ya pili au ya tatu, ninakiamini. Vile vya kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huunda dhidi ya kirusi, ni vya kusoma kwa makini: ile iitwayo IgM huonekana baada ya siku kadhaa, na IgG peke yake inaweza kuwa alama ya ugonjwa wa miaka iliyopita. Hivyo vyote ni vya dengue tu, havioni chikungunya, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili maana mbu ni yuleyule. Na mmefanya vizuri kupima malaria, irudieni homa ikiendelea. Ninalosihi ni msirudi nyumbani na ule utatu wa "malaria, taifodi na UTI" ulioandikwa bila kipimo, pamoja na mfuko wa antibaiotiki. Antibaiotiki hazigusi kirusi.

Utauliza, kama ingekuwa chikungunya kweli tungefanya nini tofauti? Siku za mwanzo, hakuna. Tunamtibu kila mgonjwa wa namna hii kama ana dengue mpaka ijulikane hana, kwa sababu dengue ndiyo yenye kuua haraka. Ikithibitika ni chikungunya peke yake na hatari ya dengue imepita, hapo diklofenaki au Brufen hupata nafasi yake kwa ushauri wa daktari, maana viungo vya mikono, vifundo na magoti vinaweza kuvimba na kuuma wiki nyingi, kwa wengine miezi, na wazee huteseka zaidi. Mama mkwe akikumbuka ndugu aliyekaa miezi bila kuweza kukamua nazi kwa maumivu ya vidole baada ya homa, huyo nadhani hakuwa na dengue.

Majani ya mpapai sasa. Najua siwezi kumzuia, na mwaka 2014 na 2019 Dar nzima ilikuwa ikichemsha. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha chembe sahani zikipanda kidogo upesi kwa waliokunywa maji ya majani hayo. Hayajaonyesha kwamba yanazuia kutokwa damu au kifo. Nisingemgombeza mama kwa kikombe kimoja, ila kama kinamtapisha shemeji kiachwe, kwa sababu kinachookoa maisha kwenye ugonjwa huu ni maji yanayobaki tumboni. Maji ya chumvichumvi ya pakiti, madafu, uji mwepesi, supu, juisi: apewe kidogokidogo kila mara, na mkojo uwe kipimo chenu. Akikojoa kila baada ya saa 4 hadi 6, tena mkojo mweupe, mko sawa. Asipoweza kunywa, dripu inahitajika, na dripu ya dengue hutiwa kwa hesabu na mhudumu anayemrudia mgonjwa kumpima. Msiite mtu mtaani aje kumning'inizia chupa msumarini, kwani maji yakizidi siku za kuvuja huishia kwenye mapafu.

Kuhusu "ugonjwa wa asili" na kinga, msijipe matumaini ya bure. Mtu aliyewahi kuugua chikungunya ana kinga ya chikungunya, na haimsaidii chochote kwa dengue. Dengue nayo ina virusi vya aina nne. Ukipona aina moja umekingwa nayo, nyingine tatu bado zinakungoja, na ya pili mara nyingine huja na ukali kuliko ya kwanza. Kingamwili za mwanzo hukitambua kirusi kipya nusunusu: hukishika bila kukiua, kisha hukiingiza ndani ya seli. Ni kama mlinzi aliyezoea sura ya mwenye nyumba akamfungulia geti mwizi anayefanana naye. Kwa hiyo shemeji akipona aandikiwe kwenye daftari lake la kliniki kwamba aliwahi kupata dengue na tarehe. Akija kupata homa tena miaka ijayo, daktari atakayemwona anahitaji kujua. Neno "kidingapopo" peke yake daftarini halitamsaidia daktari huyo.

Naye mama mkwe mwenyewe mchungeni. Wazee, watoto wachanga, wajawazito, na wenye kisukari, presha, figo au selimundu hawatakiwi kusubiri nyumbani hata siku moja wakipata homa wakati kuna mgonjwa wa dengue ndani. Mwambie hivyo kwa adabu yake, ukimkiri kwanza kwamba simulizi ya bibi yake ni ya kweli, maana ni ya kweli.

Linalobaki ni mbu. Huyu si mbu wa malaria. Aedes ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Shemeji alale ndani ya chandarua mchana pia katika siku zake za homa, ili mbu wasimnyonye na kuwapelekea nyinyi. Kisha ukague nyumba kama ambavyo ungekagua Newala ya 1952 au Lamu ya 2004. Dar tunaweka maji kwa sababu ya mgao, na mbu huyu anapenda maji masafi yaliyotulia kuliko mtaro wenye uchafu. Madumu na mapipa yafunikwe mpaka pembeni, kitambaa kilichofungwa kamba kinatosha. Yakiisha, kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi, kwa sababu mayai hugandia ukutani juu ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mjazo mwingine. Sahani za chini ya maua, matairi, vifuu, kopo la chooni lisilotumika, mfereji wa paa uliojaa majani ya huo mwembe wenu, vyote vimwagwe mara moja kwa wiki, maana yai likiingia majini huchukua kama wiki moja mpaka mbu aruke.

Ukimpeleka kesho, usimwambie mhudumu kwamba ana kidingapopo wala usibishane naye kuhusu jina. Mwambie homa ilianza siku gani na saa ngapi, dawa alizokwishameza, ile diklofenaki ikiwemo, na mara ya mwisho alipokojoa.